Kutoka getini hadi nguzo ya ishirini: kutembea tena baada ya mshtuko wa moyo

Siku ya tatu baada ya kutoka hospitali nilikuwa barazani hapa Section 58, Nakuru, blanketi magotini, wageni wamenizunguka kama niko matangani. Nikijaribu kuinuka, mkono unanikandamiza bega: "Mzee, tulia, utaletewa." Maji nikaletewa. Redio nikawashiwa. Hata nilipotaka kwenda msalani kijana mmoja alisimama kunisindikiza. Wote walinitakia mema, na wote walikuwa wamekosea.

Mimi ni muuza vifaa vya ujenzi. Mshtuko ulinipata dukani, nikazibuliwa mshipa wa moyo kupitia kifundo cha mkono, nikawekewa stenti moja (kijibomba cha wavu kinachoshikilia mshipa usizibe tena), nikarudi nyumbani na mfuko wa dawa na karatasi iliyosema "apumzike". Karatasi haikusema apumzike vipi wala hadi lini. Mengine yote niliyapata kwa mfiziotherapia (mtaalamu wa mazoezi ya tiba) mmoja mwenye subira, kwa daktari wa kliniki, na machache kwa kujikwaa mwenyewe. Nayaandika kwa mtu ambaye ameruhusiwa kwenda nyumbani na hali yake imetulia. Daktari wako akikuambia tofauti, fuata lake.

Kwanza ujue kinachoendelea kifuani. Sehemu ya msuli wa moyo iliyokosa damu hufa, na mwili huiziba kwa kovu. Kovu hilo huchukua kama wiki 6 hadi 8 kukomaa, ndiyo maana wiki hizo zina masharti. Lakini kulala si tiba. Zamani wagonjwa walilazwa kitandani wiki 4 hadi 6, damu ikawa inaganda miguuni na kwenda kuziba mapafu. Mwaka 1952 madaktari wawili wa Boston, Samuel Levine na Bernard Lown, waliandika jinsi walivyowatoa wagonjwa wao kitandani mapema na kuwaketisha kwenye viti. Enzi hizo kiti kilikuwa ujasiri. Kwangu mimi, miaka zaidi ya 70 baadaye, kiti kilikuwa kimegeuka jela.

Hatua ya 1: Uliza kabla hujatoka wodini

Kama umeshatoka, uliza kliniki ya kwanza. Maswali ni manne, na uandike majibu kwa sababu utayasahau ukifika stendi ya matatu.

Moyo wangu unasukuma damu kwa nguvu kiasi gani? Watakuwa wamekupiga picha ya moyo, ile ya mashine ya mawimbi kama ya wajawazito. Moyo uliodhoofika sana huanza polepole zaidi, na mtu huyo hafai kufuata ratiba ya jirani yake.

Mishipa iliyoziba imezibuliwa yote, au kuna mingine inasubiri? Kuna wanaotibiwa kwa dawa tu bila kuzibuliwa, na kuna waliobakiza mshipa wa pili. Hawa huambiwa kiwango chao mahususi.

Nitafanyiwa kipimo cha kutembea kwenye mashine, na lini? Na la nne: kuna darasa la mazoezi ya wagonjwa wa moyo nitakaloweza kufika? Likiwepo, nenda. Mazoezi yaliyopangwa vizuri yamefanyiwa utafiti kwa miongo mingi, na yanapunguza vifo vya ugonjwa wa moyo pamoja na kulazwa tena. Lakini kwa wengi wetu darasa liko mbali na nauli ni ya kurudia kila wiki, kwa hiyo barabara ya mtaani ndiyo itakuwa darasa.

Hatua ya 2: Wiki ya kwanza, ondoka kwenye kiti

Anza ndani ya nyumba. Inuka kila saa, tembea hadi jikoni na kurudi. Oga mwenyewe, vaa mwenyewe, ukichoka uvae soksi umeketi. Kisha toka nje dakika 5, mara mbili kwa siku, mahali tambarare, ukiwa na mtu.

Mimi sina saa ya kuhesabu hatua. Nilihesabu nguzo za stima. Siku ya kwanza nilitoka getini hadi nguzo ya pili na kurudi, mama watoto ubavuni, mimi naona aibu kwa jinsi mama muuza mandazi alivyonipita akiwa na beseni kichwani. Nikaingia ndani nikalala saa nzima. Uchovu huo ni wa kawaida siku za mwanzo. Kisicho cha kawaida ni ule unaokufuata hadi kesho yake. Ukiamka bado umelegea kwa sababu ya matembezi ya jana, leo rudi nyuma nguzo moja au mbili.

Kama stenti iliingilia kifundo cha mkono au kinena, usiinue kizito, wala usijikamue, kwa siku kadhaa. Kwa wengi huwa ni kama wiki moja. Pale palipochomwa pakivimba ghafla au pakitoa damu, kandamiza kwa nguvu na uende hospitali. Aliyepasuliwa kifua ana sheria zake: mfupa wa kifua huunga kwa wiki 8 hadi 12, na muda huo hasukumi, havuti, hajiinui kwa mikono kutoka kwenye kochi. Kutembea yeye anatembea kama sisi.

Hatua ya 3: Ongeza dakika kabla ya mwendo

Wengi hukosea hapa. Wakijisikia vizuri wanaongeza kasi. Ongeza muda kwanza. Kasi itakuja yenyewe. Mpango niliopewa ulikuwa hivi:

Wiki ya 1: dakika 5 hadi 10, mara mbili kwa siku.
Wiki ya 2: dakika 10 hadi 15, mara mbili.
Wiki ya 3: dakika 15 hadi 20, mara mbili.
Wiki ya 4: dakika 20 hadi 25, mara moja au mbili.
Wiki ya 5: dakika 25 hadi 30, mara moja au mbili.
Wiki ya 6: dakika 30 mfululizo, siku nyingi za wiki.

Kutoka hapo unalenga jumla ya dakika 150 kwa wiki. Ukikosa siku tatu kwa mafua au msiba, usirudi pale ulipoachia; rudi wiki moja nyuma. Ukiwa na homa usitoke kabisa.

Wiki ya tatu nilifika nguzo ya tisa. Wiki ya tano, ya kumi na nne. Nguzo ina faida moja: ukichoka ina mahali pa kuegemea, na watu wanadhani unasubiri boda.

Hatua ya 4: Jipime kwa mdomo

Nilipoanza nilikuwa nashika mshipa wa mkono kila baada ya nguzo mbili. Mapigo 68. Tena 72. Nikajiona bingwa. Mfiziotherapia akacheka, akaniomba nimwonyeshe dawa zangu, akatoa bisoprolol. Dawa za kundi hilo, pamoja na atenolol, carvedilol na metoprolol, huufunga moyo breki. Unaweza kuwa unahema kama umepanda mlima Menengai na mapigo yakabaki ya mtu aliyeketi. Zile hesabu za kuchukua 220 ukatoa umri wako hazikuhusu ukimeza dawa hizi, usidanganywe na saa za mkononi.

Kipimo kinachofaa ni maongezi. Ukiwa unatembea, uweze kusema sentensi nzima bila kukata pumzi. Ukijikuta unajibu "eeh" na "hapana" tu, punguza. Baada ya wiki kadhaa, unapotaka mazoezi ya kiasi, lenga mahali ambapo unaweza kuongea lakini kuimba kunakushinda. Mimi hujaribu pambio la kanisani. Nikimaliza ubeti bila shida, najua nimezembea.

Hospitalini hutumia pia kipimo cha Gunnar Borg, Mswidi, chenye namba 6 hadi 20. Sita ni kuketi tu, ishirini ni mwisho wa nguvu zako. Mgonjwa wa moyo hukaa kati ya 11, ambapo kazi ni nyepesi, na 13, ambapo unaanza kuhisi kazi lakini unaweza kuendelea. Ukizoea unakitaja kichwani bila hata kufikiri.

Hatua ya 5: Anza polepole, malizia polepole zaidi

Dakika 5 za mwanzo na dakika 5 za mwisho ni za kujikokota, na mwenye nafasi afanye 10. Mwanzoni ni ili mishipa ya moyo ifunguke kabla ya kazi. Mwishoni kuna sababu ambayo nilijifunza kwa kuona nyota. Unapotembea, misuli ya miguu inasaidia kurudisha damu juu. Ukisimama ghafla, damu inabaki miguuni, presha inashuka, na kama unameza dawa za presha inashuka zaidi. Mimi nilisimama ghafla getini, nikainama kufunga kamba ya raba. Nilipoinuka geti lilikuwa linazunguka. Siku hizi raba nafunga nikiwa nimeketi, na dakika za mwisho natembea kama mtu anayetafuta shilingi iliyodondoka.

Hatua ya 6: Kazi za nyumbani, hapa ndipo pa kuangalia sana

Hofu yote ya familia yangu ilikuwa juu ya matembezi. Hakuna aliyeogopa jerikani.

Jerikani ya lita 20 ikijaa ni kilo 20, mbali na uzito wa plastiki. Wiki za mwanzo wengi huambiwa wasizidi kilo 4 au 5. Yaani pakiti mbili za unga wa kilo mbili na kijiko cha sukari. Nilikuwa nawaambia watu "mimi siinui chochote kizito", huku nikimbeba mjukuu wa miaka mitatu. Mtoto hana kibandiko cha uzito, lakini kilo ziko palepale.

Wiki ya tatu nilipitia dukani "kusalimia tu". Kijana wa duka alikuwa ametoka kula. Akaja fundi anataka rangi ya ukutani, ndoo ya lita 20. Ndoo hiyo inazidi kilo 20 kwa mbali, nami nimeibeba miaka 25. Nikaishika, nikabana pumzi, nikavuta. Haikufika hata kwenye kaunta. Macho yaliingia kiza, masikio yakalia, nikaiachia na kuketi juu ya misumari, kwenye katoni, nashukuru ilikuwa imefungwa. Fundi aliondoka bila rangi. Mama watoto alipopata habari alichukua ufunguo wa duka, na sikuuona tena hadi wiki ya saba.

Kilichonipata kina maelezo. Ukibana pumzi na kujikamua, presha hupanda ghafla kisha damu inayorudi moyoni hupungua, halafu ukiachia kila kitu kinayumba. Ndivyo pia inavyokuwa ukijikamua chooni choo kikiwa kigumu. Kula mboga na matunda, na usione haya kumwambia daktari. Jambo lingine: mikono huuchosha moyo kuliko miguu kwa kazi ileile. Kufua kwa mkono, kuanika nguo juu ya kichwa, kupasua kuni na kulima kwa jembe zote ni kazi za mikono, na zingine ni za kuinama pia.

Kwa hiyo panga hivi. Wiki mbili za kwanza: kuosha vyombo, kukunja nguo, kuchambua maharagwe, ukiwa umeketi ikibidi. Kuanzia wiki ya tatu au ya nne: kufagia nyumba, kupika, kumwagilia sukuma wiki kwa kopo dogo. Maji yakibidi uyabebe, chukua kidumu cha lita 3 na uende mara nyingi. Safari hizo ni sehemu ya matembezi. Jembe, shoka, jerikani iliyojaa na kusukuma gari lililogoma, subiri kliniki ya wiki ya sita au ya nane na uulize kila kimoja kwa jina lake. Usiulize "naweza kufanya kazi?" Daktari atasema ndiyo, akifikiria kazi ya ofisini.

Wanawake wa boma wanadhulumiwa hapa. Mwanamume akirudi kutoka hospitali anawekewa blanketi. Mama akirudi, siku ya nne amerudi kwenye sufuria ya ugali wa watu wanane. Kusonga ugali mwingi ni mikono, ni kukaza mwili, ni moto usoni. Mtu mwingine ausonge.

Hatua ya 7: Jua mji wako

Nakuru iko kama mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na imeinama. Kuelekea Menengai unapanda, kuelekea ziwani unashuka. Mgonjwa akianza matembezi kwa kushuka anafurahi, kisha anakumbuka kurudi ni kupanda. Wiki 4 za kwanza tafuta barabara inayokata mteremko, isiyoufuata. Mlima ukikukuta, fupisha hatua, punguza mwendo, simama kabla hujalazimika kusimama.

Saa nazo zina maana. Hapa tuna tabia ya kusifu anayeamka saa kumi na moja alfajiri kukimbia. Baridi ya Julai saa hiyo hubana mishipa, na moyo unafanya kazi zaidi kwa damu kidogo. Mimi natoka saa mbili asubuhi, jua limepata meno kidogo. Ukiwa Kisumu ni kinyume: huko joto ndilo adui, kwa hiyo saa kumi na mbili na nusu asubuhi au saa kumi na moja jioni, na maji ya kunywa, isipokuwa daktari amekupimia maji. Januari na Februari vumbi letu likipuliza, tembea ndani ya ua. Inasemekana jina la mji huu kwa Kimaasai ni mahali pa vumbi, na mwezi wa Februari sina sababu ya kubisha.

Baada ya chakula kizito ngoja angalau saa moja, mbili ni bora. Tumbo lenye ugali na matumbo linadai damu yake.

Hatua ya 8: Simama hapa

Acha kutembea mara moja ukihisi kifua kubana, kuwaka au kulemewa, maumivu yakienda taya, shingo, mgongo au mkono, jasho baridi, kizunguzungu, mapigo yanayorukaruka, au pumzi isiyorudi hata ukipumzika. Mwenye sukari, mzee na mwanamke wanaweza wasipate maumivu ya kifua kabisa, wakapata kichefuchefu, uchovu wa ghafla au kukosa pumzi. Wasikae wakisubiri maumivu ya sinema.

Keti. Kama ulipewa dawa ya kuweka chini ya ulimi, iweke ukiwa umeketi, maana hushusha presha na aliyesimama anaweza kuanguka. Dakika 5 zikipita na hali haijatulia, ni hospitali. Usingoje kuona kama itapita. Kama hujakatazwa aspirini, tafuna miligramu 300, yaani vile vidogo vya 75 vinne. Usijiendeshe, na usipande boda: ukizimia juu ya pikipiki utakuwa na magonjwa mawili. Hifadhi mapema namba ya ambulensi ya karibu nawe na ya jirani mwenye gari asiyezima simu usiku.

Kuna dalili za polepole pia. Jipime uzito asubuhi kabla ya chai. Ukiongeza kilo 2 ndani ya siku tatu, miguu ikivimba, au ukaanza kuhitaji mito mitatu ili ulale, hayo ni maji, si mafuta. Pigia kliniki simu siku hiyohiyo.

Hatua ya 9: Nguvu, kitanda na kazi

Baada ya kama wiki 5, kwa ruhusa, unaweza kuanza mazoezi ya nguvu mepesi. Pakiti ya unga ya kilo mbili inatosha, au ya kilo moja kwanza: inua mara 10 hadi 15, ukitoa pumzi wakati wa kuinua. Kuketi na kuinuka kwenye kiti bila kujishikilia kwa mikono ni zoezi zuri kuliko linavyoonekana. Siku mbili kwa wiki zinatosha. Aliyepasuliwa kifua asubiri mfupa.

La kitandani watu huuliza wakitazama chini. Ukiweza kupanda ngazi za ghorofa mbili kwa haraka bila maumivu wala kuhema kupita kiasi, moyo wako kwa kawaida unamudu. Hatari kubwa iko kwenye vidonge vya nguvu za kiume: ukivichanganya na dawa ya chini ya ulimi, presha inaweza kuporomoka hadi kufa. Zile za mitishamba zinazouzwa stendi usiziamini pia, hujui kilichosagwa humo.

Kazi inategemea kazi. Karani anaweza kurudi mapema kuliko fundi wa mawe. Dereva wa matatu azungumze na daktari kabla hajashika usukani, maana ana roho za wengine. Na dereva huyo asidhani kuketi kunamlinda. Mwaka 1953 Jerry Morris alichapisha utafiti wa wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London, ile ya Uingereza, si London yetu ya hapa Nakuru. Makondakta, waliokuwa wakipanda na kushuka ngazi za basi siku nzima, walipata ugonjwa wa moyo kidogo kuliko madereva walioketi. Basi moja, barabara moja, moshi uleule.

Mimi nilirudi dukani wiki ya saba, nusu siku. Nguzo ya ishirini niliifikia wiki ya nane. Ndoo za lita 20 sasa ziko chini, nyuma ya kaunta, na kijana ana amri ya kutokwenda kula hadi kijana mwingine awepo. Kwenye mfuko wa shati nina kadi: jina la kila dawa na kipimo chake, tarehe ya stenti, namba ya mama watoto. Clopidogrel, dawa ya kuzuia damu isigande kwenye stenti, nimeipigia mstari mara mbili, kwa sababu daktari wa meno akitaka kung'oa jino atasema niiache, na hiyo haiachwi kabla ya kumuuliza daktari wa moyo.